Ndoo ya Samaki ya Baba Yako

Nordhaugen,
Valdres, Norwei.
9 Machi 2019.

Mpendwa mwanangu Ingunn,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko New Zealand, wewe na mumeo Callum na huyo mjukuu wangu Eilif, ambaye nasikia ameota meno mawili na anakuuma kila unapomnyonyesha. Mwache aume. Anatoka upande wetu.

Ukiuliza hali yangu, nipo. Theluji bado imefika dirishani na kuni zinapungua. Jicho la kulia limerudi kazini. La kushoto, ikifika jioni kope inaanguka yenyewe, kwa hiyo ukiona mistari hii inapanda na kushuka usidhani nimelewa.

Kabla sijasahau: asali. Usimpe mtoto asali mpaka atimize mwaka, hata ile ya kupaka kidogo kwenye nyonyo, na hata mama mkwe wako akikuapia kwamba watoto wake wote walilelewa hivyo. Aliyenieleza ni daktari aliyenitibu. Vijidudu vya namna ile vilivyotuangusha sisi hulala ndani ya asali, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia. Hilo halina mjadala.

Sasa tuje kwenye jambo lililonikalisha mezani. Barua uliyomwandikia mama yako mwezi wa Januari nimeisoma. Sikuiiba. Alinipa mwenyewe, akasema, "Soma, wifi. Mwandiko wake umekuwa mzuri." Nimesoma pale ulipomwita mwuaji wa Torgrim. Ingunn, Torgrim alikuwa mume wangu. Nimemzika mimi. Kama yupo mtu katika ukoo huu mwenye haki ya kumwita mwenzake mwuaji, basi ni mimi, na sikukutuma useme kwa niaba yangu.

Baba yako amekusimulia kwa simu. Mimi nakusimulia kwa maandishi, ili usipate nafasi ya kunikatiza.

Ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa Novemba, siku ya kufungua ndoo. Unayajua makeke ya kaka yangu siku hiyo. Anavaa shati jeupe, anateremka peke yake kwenye ghala la chini ya nyumba, halafu anapanda ngazi na ile ndoo ya samaki wabichi waliovundikwa kwa chumvi kana kwamba amebeba mtoto wa kubatizwa. Tulikuwa wanne: yeye, mama yako, Torgrim na mimi. Mama yako alikuwa amepika viazi, amepanga mikate myembamba, siagi, krimu chachu na vitunguu. Kisha akaenda kukaa karibu na dirisha lililo wazi, na yai lake la kuchemsha, kama afanyavyo tangu aolewe. Ameishi nasi miaka arobaini huyo mtu wa pwani, na samaki huyu hajawahi kumtia mdomoni. Harufu inamshinda.

Baba yako akakata. Nyama ilikuwa ya waridi, laini, unaweza kuipaka kwenye mkate kwa kisu.

"Onjeni kwanza kabla hamjaweka vitunguu," akasema. "Mnasikia utamu huo? Mwaka huu nimetia nusu ya chumvi."

"Nusu?" Torgrim akauliza. "Vipi shemeji, umefilisika?"

"Daktari kasema presha imepanda, nipunguze chumvi. Nikajisemea, kwa nini niache samaki wakati naweza kuacha chumvi? Kumbe miaka yote tulikuwa tunawaharibu bure."

"Embrik," nikamwambia, "mama alikuwa akipima kwa mizani."

"Mama alikuwa na mizani kwa sababu hakuwa na pua. Hebu nusa hapa. Nusa! Hiyo harufu ina kasoro gani?"

Haikuwa na kasoro. Hilo ndilo nataka ulishike, mwanangu. Samaki yule alinuka vile vile anavyonuka kila mwaka, akapendeza macho vile vile, na ulimini alikuwa mtamu kuliko wa mwaka juzi. Torgrim akainua glasi yake ya pombe ya viazi, akasema, "Kama kuna kidudu humo, hii hapa itakiua." Tukacheka sote, hata mama yako kule dirishani. Pombe wakanywa wao. Kidudu hakikuonja hata tone.

Mimi nilikula vipande viwili tu kwa sababu jino lilikuwa linaniuma. Baba yako alikula samaki mzima. Torgrim aliomba wa chini kabisa ya ndoo, maana aliamini siku zote kwamba wa chini ndiye anayeiva vizuri, akammaliza mzima, akafuta sahani kwa mkate.

Kesho yake tulikuwa kanisani. Katikati ya mahubiri Torgrim akaniinamia. "Jorunn, leo wako makasisi wawili?"

"Yuko mmoja," nikamnong'oneza, "na huyo mmoja anatosha."

Tulidhani ni pombe ya jana. Alilalamika kinywa kimekauka, akanywa maji, kikabaki kikavu. Alasiri nikamtengenezea kahawa, ikamrudi puani. Alipotaka kuniambia kitu ulimi ukawa mzito, maneno yanatoka kama ya mtu aliyetoka kung'olewa meno. Nikapiga simu ya dharura. Muuguzi aliyeipokea akaniuliza kama amekunywa. Nikamwambia jana alikunywa, leo hapana, na mimi sikunywa kabisa lakini naona simu mbili mkononi mwangu.

Hapo akauliza, "Mmekula nini?"

Swali hilo ndilo lililoniokoa. Huku tukingoja gari la wagonjwa, nikampigia mama yako. Akasema Embrik amelala kwenye kiti, kope zimeanguka, anadai ana usingizi tu na asisumbuliwe. Nikamwambia amtie garini hata kwa nguvu, na mabaki ya samaki asiyatupe, ayalete. Akamburuta baba yako mwenyewe mpaka kiti cha nyuma, ndoo akaifunga mkanda kiti cha mbele, akaendesha juu ya barafu mpaka hospitali ya mjini. Bila ndoo ile wangetutibu kiharusi. Madaktari wenyewe wamesema hivyo.

Sumu hii, Ingunn, inaanzia juu na kushuka. Macho, ulimi, koo, mikono, kifua. Haileti homa. Na akili haiigusi kabisa. Mtu analala kama gogo, mashine inampumulia, kope haziinuki, kidole hakiinuki, na ndani yake yuko macho anasikia kila kitu. Dawa ipo, lakini inakamata sumu inayotembea tu. Ile iliyokwisha kushika mishipa inabidi uisubiri iachie yenyewe, na huchukua miezi.

Torgrim hakuwa na miezi. Moyo wake ulisimama siku ya Alhamisi. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, pazia katikati, na sikuweza kuinuka. Nilimsikia muuguzi akimwambia, "Mkeo yuko hapa karibu," na najua alisikia, na hakuweza hata kunikoholea. Nililia kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa halifunguki. Sijapata kupenda mtu mwingine, na amekufa kwa sababu alifuta sahani.

Nilipoweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu niliwaambia wanisukume mpaka kwa baba yako. Mama yako alikuwa hapo. Alikuwa amelala nusu juu ya kitanda, amemwinua kope moja kwa kidole gumba.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Anataka kuona dirisha. Theluji inaanguka."

"Amekuambia?"

"Wifi, nimeishi naye miaka arobaini. Najua."

Nikajisogeza mpaka sikioni mwake. "Embrik, Torgrim amekufa. Amekufa kwa samaki wako, kwa nusu yako ya chumvi. Najua unanisikia, kwa hiyo sikia vizuri."

"Jorunn! Hawezi kukujibu."

"Ndiyo maana namwambia leo."

Chozi likatoka kwenye lile jicho alilolishikilia. Mama yako akalipangusa, akaendelea kuishikilia kope ili aone theluji. Utaniona mkatili. Nilikuwa mkatili, na ingekuwa leo ningerudia.

Halafu wageni wakaanza kuja, na wageni wa mgonjwa asiyefumbua macho husema mengi. Alikuja Bergljot, yule anayepiga kinanda kanisani. Akasimama miguuni pa kitanda na mfuko wa machungwa, kana kwamba mtu mwenye mpira kooni atamenya chungwa. Akatutazama sote mmoja mmoja, akaishia kwa mama yako.

"Na Gunvor yeye hakuumwa?"

"Hakula," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hajawahi kula tangu aje huku. Unajua hivyo, umekaa naye meza moja mara ngapi?"

"Mh," akasema Bergljot.

Hiyo "mh" ilifika kila nyumba bondeni kabla machungwa hayajaliwa. Miaka arobaini mama yako amefundisha watoto wao kusoma, ameosha maiti za wazazi wao, na kwa sauti moja ya puani akarudi kuwa mtu wa kuja.

Kabla ya mazishi Bergljot alinipigia simu, sauti tamu kabisa. "Sisi akina mama tumeonelea Gunvor apumzike safari hii. Ana mgonjwa. Asijisumbue na mikate."

"Mume ni wangu na kahawa ni yangu," nikamjibu. "Mikate atakata nimtakaye mimi."

Basi mama yako akakata mikate, ya mayai, ya jibini, ya nyama baridi, akaipanga kwenye zile sahani za bibi yako zenye maua ya buluu, akasimama nyuma ya meza na aproni nyeupe. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Watu walikunywa kahawa yangu na hakuna aliyegusa mkate. Walipita mbele ya meza ile mmoja mmoja, sahani tupu mikononi, wakiyasifia maua. Mwanamume mmoja, hata jina simtaji, akanyoosha mkono, akaurudisha, akauliza kwa sauti, "Mikate hii ameikata nani?"

Nikainuka. Kope moja imeanguka, gauni jeusi, fimbo mkononi. Nikachukua kipande cha yai nikala. Nikachukua cha jibini nikala. Nikala cha nyama, nikarudi kwenye mayai, natafuna huku nawatazama usoni. Koo lilikuwa bado halijapona, kila tonge lilinikwaruza kama kaa la moto. Sikuacha.

"Basi, wifi," mama yako akaninong'oneza. "Utavimbiwa tumbo, halafu waseme ni mimi."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Naye akacheka. Tulicheka wawili, nyuma ya mikate, siku ya kumzika mume wangu. Na kicheko hicho nacho wakakiweka kwenye hesabu yake.

Sasa sikiliza sehemu ambayo baba yako amekusimulia nusu. Kabla ya Krismasi alianza kusogeza kidole kimoja, cha shahada, mkono wa kulia, na kope moja ikaanza kuinuka. Wakampa ubao wa herufi. Siku hiyo alikuja mkaguzi wa chakula, msichana mpole wa kutoka mjini, ambaye alikuwa amekwisha kuingia ghalani kwenu na kipimajoto chake. Alikuta ukutani ni baridi nzuri, nyuzi sita. Lakini mahali ndoo iliposimama ni kumi na nne. Baba yako alikuwa ameiegesha nyuma ya friza ya matunda ya mama yako, kwa akili zake kwamba friza ni baridi kwa hiyo na pembeni yake ni baridi. Friza hutupa joto lake nje, Ingunn. Weka mkono nyuma ya friza yako utalisikia. Nusu ya chumvi na joto juu yake, kwa miezi mitatu, chini ya kifuniko. Maabara ilikwisha kuthibitisha sumu na upungufu wa chumvi.

"Hatumtafuti mtu wa kumfunga," yule msichana alisema. "Nataka tu kujua nani alitia chumvi, na kama kuna ndoo nyingine zilizotengenezwa hivi kwa watu."

Mama yako ndiye aliyeshika ubao, kwa sababu ndiye aliyekijua kile kidole kikitetemeka kinataka wapi. Alifuata na kalamu, akizitaja herufi kwa sauti.

"G," akasema. "U." Nikaona shingo yake inakuwa nyekundu. "N. V. O. R." Halafu akamwinamia kabisa, kama mtu anayemuuliza mtoto. "Umemaliza, Embrik?"

Akapepesa jicho mara moja. Kwao hiyo ilikuwa ndiyo.

"Muongo!" nikapiga kelele mpaka muuguzi akachungulia. "Muongo wewe! Umesema mwenyewe mezani, mbele yangu, ukajisifu! Unamsingizia mtu aliyekuwa akikufumbua macho?"

"Mama, tulia," mkaguzi akasema. "Nani mwingine alisikia akisema?"

"Mume wangu."

"Naweza kuzungumza naye?"

"Jaribu. Yuko nje ya kanisa, upande wa kaskazini."

Maskini akaona haya, akamgeukia mama yako. "Na wewe mama unasemaje? Ni kweli?"

"Andika alichosema mgonjwa," mama yako akajibu. "Ndoo nyingine hakuna. Ilikuwa hiyo moja."

Nilimkamata kwenye korido na nilikuwa tayari kumpiga kwa fimbo. "Kwa nini, Gunvor? Kwa nini umekubali?"

"Ana kidole kimoja, Jorunn. Ameoza kwa aibu humo ndani, mnamwambia kila siku, nawe wa kwanza. Mwache. Akipata ulimi atasahihisha."

Hivyo ndivyo alivyoamini. Na ndivyo alivyoishi majira yote ya baridi, Ingunn, akingoja ulimi wa baba yako. Dukani watu walihama foleni. Mtu aliweka kopo la chumvi juu ya ngazi ya mlango wake, mara ya kwanza akalitupa, mara ya pili akaliingiza ndani, akapikia. Kila asubuhi alikwenda hospitali, akamnyoa, akamkunja na kumkunjua vidole, akamfundisha kumeza upya. Nilimwambia, "Mdomo ule ukifunguka utakuuma." Akaniambia mimi ni mjane na nina hasira.

Mwezi wa Januari ulimi ukarudi. Sauti ya mkwaruzo, lakini maneno yanaeleweka. Mtu wa kwanza aliyetaka kuongea naye ni wewe. Jiulize, mwanangu: mtu asiyeweza kuinua mkono, simu aliishika vipi? Aliyepiga namba yako ni mama yako. Aliyeishikilia ile simu sikioni mwa baba yako, wakati anakuambia kwamba Gunvor alipunguza chumvi bila kumwambia, ni mama yako. Nilikuwepo. Alisimama pale ameinamia, akabadilisha mkono mara moja tu, wa kwanza ulipochoka.

Nawe ukaandika. Barua yako ilifika baba yako akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Kwa kuwa bado anaona maandishi mawili mawili, mama yako alimsomea. Yote, tangu Mama mpaka jina lako. Alisoma pale uliposema humwiti tena mama. Alisoma pale uliposema mtoto wako hatakula kitu kilichotoka mkononi mwake. Alipomaliza akaikunja, akakaa na mikono mapajani, akamngoja. Nilikuwa mlangoni na kuni.

Baba yako akasema, "Kahawa ipo?"

Mama yako akatengeneza kahawa. Akaikoroga na ule unga wa kuifanya nzito ili isimpalie, akamnywesha kwa kijiko mpaka ikaisha, akaosha kikombe. Kisha akaenda chumbani, akatoka na sanduku na koti, akapita mbele yangu. Hakumlaani. Hakumuaga. Alinipa barua yako, akasema lile la mwandiko, akaondoka.

Tangu siku hiyo nakaa na kaka yangu mimi. Wauguzi wa halmashauri huja asubuhi na jioni, na kati ya asubuhi na jioni ni zamu yangu. Namlisha. Kila mlo, kabla kijiko hakijafika mdomoni, nakisimamisha hewani na kumwuliza, "Embrik, nani alitia chumvi?" Anafungua kinywa na kungoja. Simnyimi chakula, sijafikia huko, ila swali linatangulia. Wakati mwingine uji unapoa kabisa.

Unajua anaogopa nini? Si jela, maana jela hakuna. Anaogopa kuitwa mzee aliyeharibu samaki. Miaka yote hii watu wanatoka mpaka mabonde ya jirani kuonja ndoo ya Embrik, na hana kingine. Mume wangu na mkewe amewatoa wote wawili ili abaki na ndoo.

Umeandika pia kwamba unataka kuvundika samaki wa huko aitwaye trauti uwalishe marafiki, na kwamba baba yako amekufundisha kwa simu: gramu sitini za chumvi kwa kila kilo ya samaki. Ni sawasawa kabisa. Isome tena hiyo hesabu polepole, kisha ujiulize kama mtu mwenye hesabu hiyo angemla samaki wa nusu ya chumvi asijue.

Ningekuomba usifanye kabisa. Ukikataa, kama ninavyokujua, basi pima chumvi kwa mizani na si kwa kiganja. Samaki asiguse udongo, toa matamvua, kwangua damu yote ya uti wa mgongo. Kipimajoto kikae ndani ya ndoo, si ukutani, na kisipande juu ya nyuzi nane hata siku moja. Kikipanda, mwaga wote na usionje ili kuhakikisha, maana kuonja ndiko kunakoua. Pua yako haijui kitu hapa, wala macho, wala pombe haiponyi. Mwenye mimba asikae meza hiyo. Kama mnanunua, nunueni kwa watu wanaokaguliwa, na hata hao soma tarehe. Na watu wawili wa meza moja wakianza kuona vitu viwili viwili, msilale mkingoja kupambazuke: nendeni hospitali, semeni mmekula nini, na mabaki mbebe. Ukiwa na mashaka, chemsha. Sumu hii hufa ikichemka. Samaki wa namna hii akichemshwa hafai, najua. Torgrim naye hafai tena.

Utauliza mama yako yuko wapi. Najua aliko. Anwani ninayo na namba ya simu ninayo. Amenikataza nisikupe, nami sikupi. Usinipigie kunibembeleza, utamaliza pesa za simu bure. Ukitaka kufanya kitu, mpigie baba yako, na safari hii muulize lile swali langu. Simu nitaishika mimi.

Nisalimie Callum, mwambie soksi alizoomba nimezianza na zitamfika. Mbusu Eilif kila pahali isipokuwa mdomoni, meno yale. Bergljot naye anakusalimu, anasema anakuombea. Salamu zake nimezifikisha, za kuzirudisha sizihitaji. Baba yako anakusalimu sana. Alizitoa mwenyewe kwa mdomo wake, na kwa kazi hiyo ulimi unamtosha. Mungu awalinde, awape afya, aibariki meza yenu na kila kinachowekwa juu yake.

Za mama yako sina. Jana tuliongea kwa simu, nikamwambia leo nakuandikia, nikamwuliza kama kuna salamu. Akaniuliza tu kama nimekula.

Mimi nikupendaye, hata leo,
Shangazi yako,
Jorunn.